Kufuatilia Nasaba za Waairishi Pale Mahali pa Kuzaliwa Panapokosekana Katika Kumbukumbu

Utangulizi

Katika fomu nyingi zilizojazwa Marekani, Uingereza na Australia katika karne ya 19, nafasi ya mahali pa kuzaliwa pa mhamiaji ina neno moja tu: Ireland. Karani aliyeliandika hakuona upungufu wowote. Kwake yeye lililohitajika ni kumtofautisha Mwairishi na Mjerumani au Mskoti, basi. Lakini kwa mtafiti wa nasaba anayelikuta neno hilo baada ya miaka 150, hapo ndipo njia inapokatika. Sehemu kubwa ya nyaraka za Ireland zilipangwa kwa kaunti, kwa parokia na kwa kitongoji, na asiyekijua kitongoji cha wazee wake hana mlango wa kuingilia.

Insha hii inachunguza namna kitongoji hicho kinavyoweza kupatikana pale ambapo kumbukumbu za kuzaliwa hazipo, hazijakamilika, au zinapingana. Hoja inayojengwa ni kwamba pengo katika kumbukumbu ni tukio la kihistoria kama matukio mengine: lina tarehe, lina sababu, na mara nyingi lina watu waliolisababisha kwa uamuzi wa ofisini. Anayeijua historia ya pengo hujua pia ni wapi pa kutafuta nakala, dondoo au kivuli cha kile kilichopotea. Hoja ya pili, ambayo haizungumzwi vya kutosha, ni kwamba katika utafiti wa aina hii kumkosa babu ni hasara ndogo kuliko kumpata babu wa mtu mwingine.

Kilichoungua na kisichoungua

Kila anayeanza kuuliza habari za nasaba za Ireland huambiwa kwamba kila kitu kiliteketea mwaka 1922. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imefanywa kuwa jibu la kila swali. Mwezi Aprili mwaka huo, wapiganaji waliopinga mkataba uliofungwa na Uingereza waliyateka majengo ya mahakama ya Four Courts jijini Dublin, ambamo pia ilikuwamo Ofisi ya Nyaraka za Umma. Tarehe 28 Juni jeshi la serikali mpya lilianza kuyapiga majengo hayo kwa mizinga, na tarehe 30 Juni mlipuko na moto viliteketeza ghala la nyaraka. Wanahistoria wamebishana kuhusu nani wa kubebeshwa lawama ya mlipuko ule. Kuhusu hasara hakuna ubishi: nyaraka za takribani karne saba ziligeuka majivu, na vipande vya karatasi vilipeperuka juu ya mji. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1919, Herbert Wood, ofisa wa ofisi hiyo, alikuwa amechapisha mwongozo wa nyaraka zilizohifadhiwa humo. Kitabu alichokitunga kiwe ramani ya wasomaji kikawa orodha ya marehemu.

Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliungua karibu zote. Vilisalia vipande: baadhi ya maeneo ya Cavan, Fermanagh, Galway, Meath na Offaly kwa mwaka 1821, sehemu za kaunti ya Londonderry kwa mwaka 1831, parokia ya Killeshandra huko Cavan kwa mwaka 1841, na sehemu za Antrim kwa mwaka 1851. Ama sensa za 1861 na 1871, hizo hazikuguswa na moto huo hata kidogo, kwa kuwa hazikuwepo tena. Serikali ilikwisha kuamuru ziharibiwe mara takwimu zilipotolewa. Zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa hesabu hiyo, sensa nne ziliangamizwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na nyingine nne ziliangamizwa na makarani waliokuwa wakitii maagizo. Hizi za pili hazikumbukwi sana, labda kwa sababu uharibifu wake haukuwa na moshi.

Habari za rejista za makanisa zinafundisha zaidi. Baada ya Kanisa la Ireland, lile la Kianglikana, kuvuliwa hadhi ya kuwa kanisa la dola, sheria za miaka ya 1870 zilizihesabu rejista zake za zamani kuwa nyaraka za umma. Parokia zilitakiwa kuzipeleka Dublin, isipokuwa pale kasisi alipoonesha kwamba ana mahali salama pa kuzitunza. Waliozipeleka walizipoteza mwaka 1922. Waliozing'ang'ania wanazo hadi leo, na wengine walibakiwa na nakala walizoziandika kwa mkono kabla ya kuzituma. Rejista za Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi wa wananchi, na zile za Wapresbiteri hazikuhesabiwa kuwa mali ya umma, hivyo hazikuwamo ghalani siku ya moto. Dharau ya dola iligeuka kinga.

Usajili wa serikali nao uliokoka, kwani ulihifadhiwa kwingine. Ulianza tarehe 1 Aprili 1845 kwa ndoa zisizo za Kikatoliki, na tarehe 1 Januari 1864 kwa vizazi, vifo na ndoa zote. Hapa pana kosa ambalo wanafunzi wengi hulifanya. Mtu aliyezaliwa Mayo mwaka 1850 hakupoteza cheti chake cha kuzaliwa. Hakuwahi kuwa nacho. Hata baada ya 1864, kwa miaka kadhaa watoto wengi hawakuandikishwa, hasa wa familia zilizokaa mbali na ofisi ya msajili. Wazazi waliochelewa walitozwa faini, nao wakajifunza kuisogeza mbele tarehe ya kuzaliwa ili ionekane wamefika kwa wakati. Ndiyo maana mtafiti hukutana na mtoto aliyebatizwa wiki tatu kabla ya kuzaliwa. Padri hakukosea, wala hapakuwa na muujiza.

Wazee waliotafuta kuzaliwa kwao wenyewe

Kati ya nyaraka zote zilizosalia, zile zinazogusa zaidi suala letu zilitokana na fedha kidogo, shilingi tano kwa wiki. Sheria ya Pensheni ya Uzeeni ilipitishwa mwaka 1908, na malipo yakaanza tarehe 1 Januari 1909 kwa watu maskini waliotimiza miaka 70. Nchini Ireland sheria hiyo ilizua tatizo ambalo halikutarajiwa. Mwombaji alipaswa kuthibitisha umri wake, na mtu wa miaka 70 mwaka 1909 alizaliwa miaka 25 kabla ya usajili kuanza. Mamia kwa maelfu ya wakulima wadogo na wajane waliokuwa wamejua umri wao kwa kukadiria tu, wakajikuta mbele ya ofisa anayetaka karatasi.

Wengine walijitetea kwa kumbukumbu. Usiku wa tarehe 6 Januari 1839 tufani kubwa lilivuma Ireland, likaezua mapaa na kuua watu, na likabaki katika masimulizi kwa jina la Usiku wa Upepo Mkubwa. Mzee aliyeweza kueleza anaukumbuka upepo ule alihesabiwa kuwa ametimiza umri unaotakiwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hatashangaa. Kwetu pia umri umepimwa kwa njaa, kwa vita na kwa nzige. Yamkini walikuwamo walioukumbuka upepo huo kwa kusimuliwa na mama zao. Hata hivyo si haki kuwaita wote waongo, kwa maana mtu aliyekulia katika nyumba ambayo habari hiyo husimuliwa kila majira ya baridi anaweza kuamini kwa moyo safi kwamba aliuona.

Njia nyingine ilikuwa sensa. Mwombaji aliruhusiwa kuomba itafutwe familia yake katika sensa ya 1841 au 1851, ambazo wakati huo bado zilikuwa salama Four Courts. Alijaza fomu akitaja jina lake, majina ya baba na mama, na mahali familia ilipoishi wakati wa sensa: kitongoji, parokia, tarafa na kaunti. Karani alishuka ghalani, akafungua vitabu, akaandika matokeo. Wakati mwingine aliandika kwamba hakuna aliyeonekana. Wakati mwingine aliandika umri wa mwombaji kama ulivyotajwa alipokuwa mtoto. Na wakati mwingine, kwa bahati au kwa wema, alinakili kaya nzima: baba, mama, watoto wote na umri wao, pamoja na mwaka wa ndoa ya wazazi.

Sensa zikaungua. Fomu zikabaki. Leo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa mjini Dublin, na nyingine Belfast, nazo ni dirisha dogo la kuitazamia nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841, kabla ya Njaa Kuu kuua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja kati ya 1845 na 1852. Mara nyingi fomu hizi ndizo mahali pekee ambapo kitongoji cha kuzaliwa kimetajwa na mhusika mwenyewe, kwa kinywa chake. Nazo hazimhusu mwombaji peke yake. Dada yake aliyekwenda Boston mwaka 1853, ambaye watoto wake waliandika katika cheti chake cha kifo neno Ireland tu, yumo katika kaya ileile.

Inafaa kuonya kuhusu fomu ambazo karani alijibu kwamba hakuona kitu. Jibu hilo linasema jambo moja tu: kwamba katika kitongoji kilichotajwa, familia hiyo haikukutwa. Mwombaji wa miaka 70 anaweza kuwa alitaja mahali alipokulia badala ya mahali alipokuwa akiishi mwaka wa sensa. Familia nyingi zilihamahama katika miaka ya njaa, na nyingine zilifukuzwa na wenye ardhi. Kwa hiyo fomu yenye jibu la kukosa bado ina thamani, kwani majina ya wazazi na ya mahali yamo.

Athari ya pensheni inaonekana pia katika sensa za 1901 na 1911, ambazo ndizo za kwanza kusalia zikiwa kamili na zinazosomeka bure kwenye intaneti. Mtu aliyetaja miaka 58 mwaka 1901 anaweza kukutwa na miaka 71 mwaka 1911. Mtafiti asiyejua habari za pensheni atadhani ni watu wawili tofauti, amtupe aliye wake. Aidha, sensa hizo, pamoja na uzuri wake, zinamwangusha anayetafuta mahali pa kuzaliwa: kwa aliyezaliwa Ireland fomu iliuliza kaunti au jiji tu. Faida yake kubwa iko kwingine. Ile ya 1911 ilimtaka mwanamke aliyeolewa aeleze ameishi katika ndoa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi walio hai wakati wa kuzaliwa, na wangapi bado wako hai. Tofauti ya hesabu hizo mbili huwa inaumiza kuisoma.

Mahali ni nini

Neno kitongoji linatumika hapa kwa maana ya kipande cha ardhi chenye jina na mipaka inayotambuliwa, ambacho kinaweza kuwa na nyumba ishirini au kisiwe na nyumba hata moja. Ireland ina vitongoji vya namna hii zaidi ya 60,000. Juu yake ziko parokia, kisha tarafa, kisha kaunti 32. Parokia ya serikali si lazima ilingane na parokia ya Kikatoliki, hata kama majina yanafanana, na wilaya za usajili zilifuata mipaka ya wilaya za msaada wa maskini, ambayo wakati mwingine inavuka kaunti. Kuna orodha iliyochapishwa kutokana na sensa ya 1851 inayotaja vitongoji vyote kwa alfabeti pamoja na parokia, tarafa na kaunti ya kila kimoja. Mtafiti asiyeianza kazi yake na orodha hiyo mezani anajisumbua.

Ugumu mkubwa ni majina yenyewe. Wapima ardhi walioanza kazi ya kuchora ramani za nchi nzima kuanzia 1824 waliyakuta majina ya Kiairishi, wakayaandika kwa tahajia ya Kiingereza. Jina kama Kilmore, ambalo linajirudia katika kaunti nyingi, linaweza kutokana na maneno yenye maana ya kanisa kubwa au ya msitu mkubwa, na tahajia haisemi ni lipi. Kisha mhamiaji asiyejua kusoma alilitamka jina hilo kwa lafudhi ya kwao mbele ya karani wa New York, naye akaandika alichosikia. Zaidi ya hayo, dola mpya ilibadilisha majina ya baadhi ya maeneo: King's County ikawa Offaly, Queen's County ikawa Laois, na bandari ya Queenstown ikarudishiwa jina la Cobh. Anayetafuta Queenstown katika ramani ya leo ya Ireland hataipata.

Bandari zenyewe zimepotosha wengi. Wahamiaji wengi walipitia Queenstown katika kaunti ya Cork, na wengine wengi walivuka kwanza hadi Liverpool. Wajukuu walisikia kwamba babu alitoka Cork, wakaandika alizaliwa Cork, ilhali babu alitembea siku kadhaa kutoka kwao hadi kufika penye meli. Masimulizi ya familia hayapaswi kudharauliwa, lakini katika suala hili hukumbuka mahali pa kuagana kuliko mahali pa kuzaliwa.

Kuanzia ng'ambo

Kwa sababu hiyo, kosa la kimbinu linalojirudia ni kukimbilia Dublin mapema mno. Kitongoji hupatikana mara nyingi zaidi katika nyaraka za nchi aliyohamia mtu, na hakuna sababu ya kuondoka huko kabla ya kuzimaliza. Si zote zinafaa. Sensa za Marekani zinataja nchi tu. Hati za uraia za Marekani kabla ya mageuzi ya sheria ya 1906 humtaka Mwairishi amkane malkia au mfalme wa Uingereza, na kwa kawaida hazijali alizaliwa wapi.

Nyingine ni hazina. Benki ya akiba iliyoanzishwa New York mwaka 1850 kwa ajili ya wahamiaji wa Kiairishi ilihitaji kumtambua mteja asiyejua kuandika, ambaye alama yake ya msalaba ingeweza kuigwa na yeyote. Karani aliandika kitabuni habari ambazo mwizi asingezijua: parokia na kaunti ya kuzaliwa, majina ya wazazi, ya ndugu, meli aliyokuja nayo na mwaka. Hofu ya kuibiwa ikawaandikia nasaba. Gazeti la The Pilot la Boston nalo lilichapisha kati ya 1831 na 1921 matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta jamaa zao waliopotezana nao. Mke alimtafuta mume aliyekwenda kujenga reli, kaka alimtafuta dada. Ili aliyepotea ajitambue, tangazo lilitaja kitongoji, parokia, na mara nyingi jina la baba. Waliopotezana wameacha habari nyingi kuliko waliokaa pamoja.

Kwa waliokwenda Australia, vyeti vya kifo vya koloni la Victoria tangu 1853 vinataja wazazi, mahali pa kuzaliwa na miaka aliyoishi koloni. Kwa waliojiunga na jeshi la Uingereza, hati za kuachishwa kazi kwa kawaida zinataja parokia ya kuzaliwa na mji ulio karibu. Palipokosekana yote haya, hubaki majirani. Waairishi hawakuhama mmoja mmoja, walifuatana. Wasimamizi wa ubatizo wa mtoto aliyezaliwa Chicago, mashahidi wa ndoa, mtu aliyezikwa katika kiwanja kimoja na babu: mmoja wao anaweza kuwa na jiwe la kaburi lenye jina la parokia, na parokia hiyo ndiyo inayostahili kupimwa kwanza.

Mfano wa Annie Moore unaonesha hatari iliyopo. Tarehe 1 Januari 1892 kituo cha Ellis Island kilipofunguliwa, msichana huyo wa Cork, aliyefika kwa meli ya Nevada pamoja na wadogo zake Anthony na Philip, ndiye aliyepokewa wa kwanza. Alijengewa sanamu pande zote mbili za bahari. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba baadaye alihamia Texas na kufia huko, na kizazi cha huko kilialikwa katika sherehe kama wajukuu zake. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak alithibitisha kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, wala hakuwahi kuwa mhamiaji. Yule wa kweli hakuwa ameondoka New York. Aliolewa, akazaa watoto wengi, akawazika kadhaa wangali wadogo, akafa mwaka 1924, naye akalala katika kaburi lisilo na jiwe. Hata umri wake ulikuwa umechezewa: orodha ya meli ilisema miaka 13, hadithi ya sherehe ikasema 15, kumbe alikuwa na 17. Ikiwa mwanamke mwenye sanamu mbili aliweza kubadilishwa na mwingine mwenye jina lake, sembuse John Murphy asiye na sanamu?

Kurudi Ireland na jina mkononi

Murphy lilikuwa jina la ukoo lililoenea kuliko yote, kama Robert Matheson alivyoonesha katika ripoti yake ya 1894 iliyotokana na vizazi vya 1890. Jina peke yake, kwa hiyo, halithibitishi kitu. Kinachosaidia ni mkutano wa majina: jina la ukoo la baba na la mama katika parokia moja, hasa kama mojawapo ni adimu.

Chombo kikuu cha kupimia hilo ni uthamini wa ardhi uliosimamiwa na Richard Griffith na kuchapishwa kati ya 1847 na 1864. Kila kitongoji kimeorodheshwa pamoja na kila mkaaji wa ardhi au nyumba na kila aliyempangisha. Kwa kuwa sensa za wakati huo hazipo, uthamini huu umechukua nafasi yake, ingawa haukuwa sensa: unamtaja mwenye kaya tu, bila umri, bila mke, bila watoto, na ulifanyika wakati ambapo wengi walikwisha kufa au kuondoka. Penye watu wawili wenye jina moja, wathamini waliongeza jina la baba katika mabano. Kwa msomaji wa pwani yetu, ambako mtu ni Ali bin Juma kabla ya kuwa kitu kingine, desturi hiyo haihitaji maelezo. Kwa kipindi cha kabla ya njaa yapo madaftari ya zaka ya 1823 hadi 1837, yanayowataja wakulima wa dini zote, kwa sababu wote walilazimishwa kulilipia kanisa la wachache.

Baada ya hapo zinakuja rejista za Kikatoliki. Maktaba ya Taifa ya Ireland ilizipiga picha katikati ya karne ya 20, na mwezi Julai 2015 ikaziweka zote wazi mtandaoni, hadi takribani mwaka 1880. Katika miji ya mashariki zinaanza mapema. Katika parokia nyingi maskini za magharibi hazianzi hadi miaka ya 1820 au baadaye sana. Nyingi ziko kwa Kilatini: James ni Jacobus, William ni Gulielmus. Bridget wa rejista anaweza kuwa Delia wa Boston, na Honora akawa Nora au Hannah. Smith wa Cavan huenda ni Mac Gowan, maana yote mawili yanatoka kwa mhunzi. Herufi O mbele ya jina ilidondoshwa na babu, ikarudishwa na mjukuu.

Wapo wanaotegemea desturi ya kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Desturi hiyo ilikuwepo, nayo inafaa kama kidokezo cha kuanzia. Kuifanya ushahidi ni kosa, na nimeona miti ya nasaba iliyosimama juu yake peke yake. Ubatizo unaolingana kwa jina na mwaka bado si wa mtu wetu mpaka iulizwe: je, mtoto huyu alibaki Ireland? Ndoa yake au kifo chake katika parokia hiyohiyo kitamwondoa. Madaftari ya marekebisho ya uthamini, ambamo makarani walikata jina la mkaaji wa zamani na kuandika la mpya kwa wino wa rangi tofauti, hufaa sana kwa uchunguzi huo, kwani yanaonesha mwaka ambao kipande cha ardhi kilitoka mkononi mwa familia.

Kwa baadhi ya watu swali hili si la udadisi. Sheria ya Ireland inampa haki ya uraia mtu ambaye mmoja wa babu au bibi zake alizaliwa katika kisiwa hicho, akijiandikisha katika rejista ya waliozaliwa nje. Akikosea babu, ombi lake linaanguka. Kwa mjukuu ambaye bibi yake aliandikishwa kwa jina moja, akabatizwa kwa lingine na kuzikwa kwa la tatu, kazi ya kuonesha kwamba hao watatu ni mtu mmoja huchukua miaka.

Moneygall na Kogelo

Mfano wa mwisho unawagusa wasomaji wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Barack Obama alipokuwa akigombea urais, upande wa baba yake ulijulikana: Waluo wa Nyang'oma Kogelo, Siaya, ambako majina ya mababu yalikaa vinywani mwa wazee. Upande wa mama ulimrudisha mtafiti, kizazi cha tano juu ya Obama, kwa Falmouth Kearney, kijana aliyefika New York mwaka 1850 na hatimaye kulima Indiana. Nyaraka za Marekani ziliisogeza familia yake hadi kijiji cha Moneygall, katika kaunti ambayo wakati huo iliitwa King's County. Akaulizwa kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo, Stephen Neill, naye akaikuta familia ya Kearney katika rejista za Templeharry. Baba yake Falmouth alikuwa fundi viatu.

Rejista hizo zilikuwa za kanisa lile lile ambalo vitabu vyake vingi viliungua Four Courts. Hizi zilisalia. Obama alifika Moneygall tarehe 23 Mei 2011, miaka 161 baada ya Falmouth kuondoka. Kogelo alikwishakwenda miaka mingi kabla ya hapo, na huko hakuhitaji rejista. Alikaa na bibi yake, akasimuliwa.